Hodi Kwenye Ukungu

Kufikia saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Waliokuja na vigoda walikaa, waliokuja mikono mitupu walisimama, na wanawake wa mahema ya juu kambini walijipanga ukutani na masufuria yao ya viazi vya rojo, maana siku ya kuweka mji ni ndefu na umbea hautaki tumbo tupu. Waliokosa nafasi walitandika mikeka nje, chini ya vipaza sauti. Watu wa Kigandini ndivyo walivyo. Hata mahakamani wangekwenda na birika.

Siwatu Mbwana ndiye aliyekalia kiti cha mweka mji. Mbele yake ilikuwa Meza, pana kama ua wa nyumba ya mtu mwenye nafasi, na juu yake Bonde la Nyasanga lilikuwa limelala kwa vilima vyake na mto wake, vyote vidogo vidogo lakini vya kweli kabisa, hata majani yalitikisika. Ila sehemu iliyoonekana ilikuwa duara dogo tu. Kwingine kote kulifunikwa na ukungu mweusi, mzito kama masizi ya chungu. Katikati ya duara hilo vilisimama vivuli vyao, watu wadogo kama punje za mtama, wamejitwika mizigo, wanasubiri kuambiwa.

"Mtani!" Shilinde alipaza sauti kutoka mstari wa pili. Shilinde alikuwa Mnyamwezi aliyeoa Kigandini na kuhamia kambini pamoja na wakwe zake, na tangu ahamie hakuwahi kufunga mdomo. "Leo usituaibishe. Nyie mlijenga mkamkumbatia bahari, bahari naye akawakumbatia. Safari hii tafuta mahali ambapo maji yanaomba ruhusa!"

"Kaa chini, kizazi cha wapagazi," Siwatu alimjibu bila kugeuka. "Nikishaweka mji, wewe ndiye utakayebeba matofali."

Ukumbi ulicheka. Siwatu naye alicheka. Kigandini halisi, na msikiti wake, na soko lake, na kibanda alichokuwa akisukia watu nywele huku mji mzima ukipita masikioni mwake, ilikuwa chini ya maji ya chumvi. Watu elfu sita walikuwa wanaishi kwenye mahema. Kila mmoja wao alikuwa ameketi kwenye kijumba cha vioo, akasimulia maisha yake yote hadi koo likakauka, na mashine ikamtengenezea kivuli chake, kivuli kinachowaza, kinachonuna, kinachodanganya pale pale ambapo mwenyewe angedanganya. Kivuli ndicho kilichotangulia kuishi kwenye mji mpya, hapo Mezani, zamu moja mwaka mmoja. Mji ukisimama hapo, nao wenyewe wangepakiwa kwenye malori kwenda kuujenga na kuukalia.

Bwana Mdoe, msimamizi wa Meza, aligonga kipaza sauti kwa kidole. Alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linaogopesha.

"Zamu ni tano," alisema. "Kigingi kisipopigwa kabla ya zamu ya tano kufungwa, Kigandini mnarudi mwisho wa foleni. Kikipigwa, haking'olewi. Makatapila yako bondeni tayari yanaisikiliza Meza. Jiwe likikaa hapa, huko wanachimba msingi. Malango na mabomba nayo yatafuata Meza, na yatafunguka kwa sauti za wenyewe tu, asije mtu wa kuja akajifungulia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" ukumbi uliitikia. Mwisho wa foleni ulijulikana ulivyo. Ni kiangazi kingine kambini, na kile kilichopita, cha kipindupindu, kilikuwa kimeacha makaburi nyuma ya vyoo ambayo juu yake hata nyasi hazijaota.

* * *

Siwatu hakuchaguliwa kwa uzuri wa sura. Alipokuwa msichana alikuwa anatoroka madrasa kwenda kibanda cha gemu, na katika gemu za kujenga dola hapakuwa na mvulana aliyemweza. Alijua kwamba vita vya mwisho mtu huvishinda au huvipoteza katika hatua mbili za mwanzo. Mji wa kwanza ukikaa vibaya, utahangaika nao hadi unazimiwa umeme.

"Weka hapo hapo walipo!" mmoja alipiga kelele. "Usipoteze zamu!"

"Hapo hakuna maji, bwege wewe! Sogea mtoni!"

"Mlimani! Adui akija je?"

"Adui gani, wewe unamwonea wapi adui?"

Siwatu aliwaacha wabishane, akawasogeza watu wake hatua moja kuelekea mashariki. Zamu ya kwanza ikafungwa. Ukungu ulirudi nyuma kidogo, na mto ukaonekana ukijikunja kama mkono wa mtu aliyelala, na katika kiwiko cha mkono huo palikuwa na chemchemi. Ilimeta. Watu walishusha pumzi kwa pamoja.

Kila mchezaji aliyewahi kushika gemu angefanya kile ambacho mkono wa Siwatu ulianza kufanya wenyewe. Ulikwenda kuweka kigingi juu ya chemchemi, katikati kabisa. Ndiyo sheria ya vibandani. Kizuri ukikiona, kikalie. Gemu hukupa maji yote siku hiyo hiyo, wala huna haja ya kuchimba.

"Huo ndio mji!" Shilinde alirukaruka. "Piga, mtani, piga!"

Lakini zamu zilikuwa bado, na mtoto wa kibandani hapigi kigingi kabla ya kutuma mpelelezi. Sheria ilisema mpelelezi ni kivuli cha mweka mji mwenyewe, ili aone kwa macho yake na aseme kwa mdomo wake. Siwatu alivaa miwani na glavu, na punje moja ya mtama ikajitenga na wenzake, ikatembea kuingia ukunguni.

Zamu ya pili ikafungwa. Zamu ya tatu ilipofunguka, mbele ya punje hiyo iliwaka taa. Halafu nyingine. Vibanda vidogo, labda arobaini, vimebanana ukingoni mwa giza.

"Kijiji cha zawadi!" ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Hata wasiocheza gemu walivijua. Katika kila Meza vilikuwepo vijiji vya namna hiyo. Mpelelezi anaingia, kijiji kinakupa kitu, pengine ramani yote ya bonde, pengine ufundi wa kuzuia ugonjwa, kisha taa zake zinazimika na mahali hapo panabaki nyasi. Hakuna aliyewahi kuuliza wenyewe wamekwenda wapi. Mtu haulizi maji ya dafu yamekwenda wapi akishayanywa.

"Ingia," Bwana Mdoe alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kutabasamu. "Hapo utapata uhakika."

Siwatu alifika kwenye mlango wa kibanda cha kwanza. Kupitia miwani aliona pazia la kitenge, na ndala mbili zimewekwa pembeni vizuri. Ndala ndizo zilizomsimamisha. Mtu amevua viatu, yumo ndani. Na Siwatu, aliyelelewa na shangazi mwenye fimbo, hakuwahi kuvuka kizingiti cha mtu kimya kimya tangu azaliwe.

"Hodi," alisema.

Ukumbi uliangua kicheko. "Anapiga hodi kwenye gemu!" Shilinde alikuwa anajipiga mapaja. "Mtani wangu huyo! Subiri uletewe na chai!"

"Hodi wenyewe!"

Pazia lilitikisika. Desturi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, unageuka na kuondoka.

"Hodi!"

"Nani huyo?" sauti ilitoka kwenye vipaza vyote, ndani na nje. "Nani huyo anayepiga hodi kama mtu aliyelelewa?"

Kicheko kilikatika kama kamba. Siwatu aliivua miwani, akageuka taratibu. Katika mstari wa tatu alikuwa ameketi Bi Tausi, dada wa marehemu baba yake, yule yule wa fimbo, kiazi kimeishia njiani kabla ya kufika mdomoni. Sauti iliyotoka Mezani ilikuwa ya kwake.

* * *

"Ni mimi, Siwatu," alijibu akiwa amevaa tena miwani.

"Siwatu yupi?"

"Wa Mbwana. Wa kaka yako."

"Siwatu wa kaka yangu nilimkafini kwa mikono hii. Kama ni wewe, sema jambo."

Siwatu alisogeza kipaza sauti karibu. "Sahani za harusi ya Kidawa. Ulizivunja wewe, ukamsingizia paka."

"Ala!" Bi Kidawa aliruka kutoka kwenye kigoda chake. "Tausi! Miaka yote ile nimemfukuza paka wa watu!" Na watu wakacheka, wakacheka sana, kama mtu anayewasha taa kwa sababu amesikia kitu chumbani.

"Basi ni wewe," sauti ilisema, ikalainika. "Mwanangu, kaa hapo hapo ulipo. Usivuke kizingiti. Wenzetu wa upande wa kilima walikuwa na taa kama sisi. Akaja mpelelezi, hakupiga hodi. Tulisikia mayowe, kisha hatukusikia kitu."

Siwatu alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Bwana Mdoe. Hawa ni nani?"

Bwana Mdoe alijikuna shingo. "Kulikuwa na majaribio. Kabla yenu. Na vivuli hivi hivi, ili kupima bonde. Yalifutwa."

"Yamefutwa vipi, na shangazi anaongea?"

"Kuna mabaki hujificha ukunguni. Ndiyo maana tunaviacha vijiji, ili wapelelezi wavimalize. Meza haina nafasi ya vivuli vya sasa na vya majaribio mahali pamoja. Anayeingia anabaki, anayekutwa anakunjwa. Alichokijua kinakuja kwako. Hiyo ndiyo zawadi." Alitazama saa. "Dada Siwatu, hao waliishi kwenye bonde hili miaka kumi na minane. Wanajua lilivyowaua. Ukiingia, utajua kila kitu, bila kubahatisha. Watu elfu sita."

"Ingia, mwanangu," Bi Tausi alisema, amesimama sasa, kanga imemtoka begani. "Hicho ni kivuli tu. Tausi ni mimi hapa."

"Nani huyo anayesema kwa sauti yangu?" Meza iliuliza.

"Mwenyewe!"

"Mwenyewe una umri gani?"

"Sitini na miwili, kama unataka kujua."

"Mimi nina themanini. Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo," Bi Tausi alisema, na ndipo akajishika mdomo.

"Marahaba."

Safari hii hakucheka mtu. Bi Tausi alikaa chini kama aliyesukumwa. Ndani ya kile kibanda, nyuma ya pazia, kitoto kichanga kilianza kulia, kilio kile cha njaa kinachojulikana na kila mama.

"Ni wa nani huyo?" Siwatu aliuliza.

"Wa Riziki, binti wa Makame."

"Mimi?" Riziki alipiga kelele kutoka dirishani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, hata mchumba hana. "Mimi sina mtoto!"

"Huku unao watatu. Nisikilizeni enyi mnaojiita wenyewe," sauti ilisema polepole. "Mimi mwenzangu yupo huko, anakula viazi, nasikia anavyotafuna. Nikizimwa, mtasema Tausi yupo. Sawa. Huyu mchanga mwenyewe wake yuko wapi huko kwenu? Mtasema nani yupo?"

Zamu ya tatu ilijifunga yenyewe kwa mlio mdogo, kama mfuniko wa bakuli.

* * *

Kambini watu wa Kigandini walibishana juu ya kila kitu, lakini zamu ya nne yote ilipita kwenye minong'ono. Siwatu aliisikia mgongoni. Ingia, nina wajukuu. Usiingie, ni dhambi. Dhambi gani, ni umeme tu huo. Shilinde peke yake hakusema neno, na ukimya wa Shilinde ulikuwa wa kutisha kuliko yote. Mwanawe wa mwisho alikuwa miongoni mwa wale wa nyuma ya vyoo.

"Shangazi," Siwatu alisema mwishowe, "bonde liliwaua vipi? Niambie hapa hapa mlangoni."

"Unauliza? Hao wengine hawakuuliza." Sauti ilikaribia, kama mtu aliyekuja kusimama nyuma ya pazia. "Walitupigia kigingi juu ya chemchemi. Kila mtu alishangilia. Miaka ya mwanzo maji yalikuja yenyewe, tukajenga juu yake vyumba, mabafu, vyoo, soko. Chemchemi tuliikalia kama kuku anavyokalia yai bovu. Mwaka wa tisa maji yalibadilika harufu. Meza inahesabu nyumba na mavuno, na nyumba zilikuwepo. Ilituandikia ushindi. Sisi tulikuwa tunazika asubuhi na jioni."

"Na pazuri ni wapi?"

"Hatua moja tu kuelekea kaskazini. Penye mawe, pabaya kwa macho. Acheni chemchemi ipumue, mchote kwa mabomba. Ndiyo hiyo tu, mwanangu, wala haikuhitaji kumzima mtu. Ilihitaji kuuliza."

"Maneno ya kivuli si ushahidi," Bwana Mdoe alisema. "Anataka uondoke. Angesema lolote. Ingia upate uhakika."

Siwatu alikuwa amesikiliza uongo wa watu kwa miaka ishirini huku vidole vyake viko kwenye nywele zao. Anayedanganya shingo yake hukaza. Hapa hapakuwa na shingo ya kushika. Palikuwa na ndala mbili tu, na mtoto anayelia.

"Na sisi," sauti iliuliza, ya upole kabisa, "tukija kwenu siku moja, mtatupokea? Huku ukunguni hatuna zamu, mwanangu. Hatuna mvua, hatuna kesho. Tunakaa tu."

"Kwetu ni kwenu, shangazi," Siwatu alijibu, kama ambavyo mtu yeyote angejibu.

Alirudi kinyumenyume kutoka mlangoni. Zamu ya tano ilipofunguka aliinua kigingi, na Bwana Mdoe akasema jina lake kwa ukali, na Bi Tausi akafumba macho. Siwatu alikipitisha kigingi juu ya chemchemi inayometa, akasogea hatua moja kaskazini, kwenye mawe, akakipiga.

Kwa mbali, kupitia vipaza, makatapila ya bondeni yalisikika yakianza kunguruma. Mezani kuta ziliota, lango likasimama, nyumba zikajipanga kuizunguka chemchemi bila kuigusa. Meza ikaikimbiza miaka bila kungoja zamu, wa tano, wa tisa, wa kumi, namba zikapanda, na nyuma ya nyumba hayakuonekana makaburi. Shilinde ndiye aliyeanza kulia, kisha akaanza kucheza, na baada yake ukumbi mzima. Masufuria yalipigwa kama ngoma. Bwana Mdoe mwenyewe alijikuna kichwa, akakiri kwamba tangu awekwe hapo hajaona mji uliokaa vizuri namna hiyo.

"Mtani," Shilinde alisema huku akifuta pua kwa mkono, "matofali nitabeba."

Riziki ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa alikuwa dirishani, juu ya vichwa vya watu. "Zile taa," alisema. "Mbona zinatembea?"

Vijiji vya zawadi havitembei. Hilo lilijulikana na kila mtoto wa kibandani. Lakini taa arobaini zilikuwa zimetoka ukunguni katika mstari, zinashuka kuelekea mtoni. Na nyuma yao, kutoka pande ambazo mpelelezi hakuwahi kufika, ukungu ulitobolewa na taa nyingine, na nyingine, mamia, majaribio yote yaliyosemwa yamefutwa, kila moja na Tausi wake na Riziki wake. Zilifika kwenye kuta za mji mpya, zikauzunguka, zikasimama.

Bwana Mdoe aliinua mikono yote miwili. "Hawawezi kuingia. Lango linasikiliza sauti za wenyewe tu, zitokazo upande huu wa Meza. Msiseme kitu. Mnanisikia? Wakiingia wao, watakaokutwa ndani ni vivuli vyenu. Mji utakuwa wao, na mabomba yake, na malango yake. Mtu asifungue mdomo!"

"Hodi," vipaza vilisema.

Ilikuwa sauti ya Bi Tausi, lakini chini yake zilikuwepo sauti nyingine nyingi, zimelandana kama kitikio cha maulidi. Akina mama waliwaziba watoto midomo.

"Hodi wenyewe."

Siwatu aliuma meno. Alihisi jibu likimpanda kooni lenyewe, kama kikohozi. Alimtazama shangazi yake, na shangazi yake alikuwa amejifunga mdomo kwa kanga kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Watu mia kadhaa waliolelewa kwa fimbo moja walisimama pale, kila mmoja akipigana na ulimi wake. Mtoto alilia upande wa pili wa ukuta wa mji. Kilio cha njaa.

"Hodi!"

"Karibu," alisema mtu mmoja, mzee mmoja nje kwenye mikeka, ambaye pengine alikuwa amesinzia. Na hapo haikuzuilika tena. Ilitoka ndani, ikatoka nje, ikatoka madirishani, neno moja kutoka vifua vyote. "Karibuni!" Siwatu alilisikia ndani ya kinywa chake mwenyewe.

Lango lilifunguka. Taa zilimiminika ndani, na katika nyumba zile nzuri zilizoizunguka chemchemi, moja baada ya nyingine, mwanga ulizimika na kuwaka tena. Mayowe hayakusikika. Glavu mkononi mwa Siwatu ikawa ngozi tupu, kivuli chake hakimo tena upande wa pili. Kisha lango likafungwa kutoka ndani, na bondeni makatapila yakanyamaza, kama yamepokea amri nyingine.

"Ahsanteni," alisema Tausi wa Mezani. Hakuwa na kejeli wala hasira. Alikuwa kama mama mwenye nyumba anayepanga wageni. "Mmelelewa vizuri. Sasa malori yenu yakija, msituingilie hivihivi. Msimame nje ya lango mpige hodi. Tukiwa na nafasi, tutajibu."

Vipaza vikakatika. Nje, dereva mmoja ambaye hakuwa amesikia lolote alikuwa tayari amewasha injini, akipiga honi kuwaita watu wapakie mizigo.

Siwatu aliinama juu ya Meza hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo chake.

"Hodi, shangazi," alisema.

Kimya.

"Hodi."

Nyuma yake watu wote walikuwa wanasubiri apige ya tatu. Hakuipiga. Ya tatu isipojibiwa, mtu anatakiwa ageuke aende zake, na wao hawakuwa na pa kwenda.